Kisanduku cha Tatu

Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na nne na lifti tatu, lakini ungemuuliza mtu yeyote aliyepanga foleni pale ukumbi wa chini saa mbili kasoro robo asubuhi, angekuapia kwamba lifti ni mbili. Ya tatu ilikuwepo. Mlango wake uling'aa kuliko ya wenzake, taa iliwaka, feni ilivuma taratibu. Ila ilikuwa ya wakubwa watano wa ghorofa ya kumi na nne. Wakitokea, inawapandisha. Wasipotokea, inawangoja mlango wazi, tupu, kama kile kitanda cha wageni ambacho watoto wa nyumba hawaruhusiwi hata kukikalia. Watu sabini, themanini, wamebanana mbele ya zile mbili, wakiitazama kwa pembe ya jicho. Hakosi mmoja wa kusema, "Aliye juu mngoje chini," na wengine hucheka, kisha wanaendelea kungoja.

Ufunguo wa kuifanya lifti ile iwe ya watu watano ulining'inia kiunoni mwa mwanamke mmoja mfupi, miaka arobaini na saba, magoti yenye sugu kwa kupiga goti kwenye zege. Jengo zima lilimwita Fundi, hata waliokuwa wamemkasirikia.

Ufundi haukumjia kwa mlango wa mbele. Aliingia jengo lile akiwa na miaka ishirini na nne, kusafisha vyoo vya ghorofa ya tano mpaka ya nane, na mwezi wa pili lifti ikamkwamia kati ya ya sita na ya saba, yeye na ndoo yake. Saa tatu nzima. Watu wakitolewa kwenye lifti iliyokwama hutoka wakiomba maji, wengine hutoka wakitukana. Yeye alitoka akauliza, "Kile kinachogonga kule juu, tak, tak, ni kitu gani?"

Fundi mzee aliyemtoa akamtazama kutoka utosini mpaka unyayoni. "Binti, hukuogopa?"

"Niliogopa. Ila kile ni nini?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akampandisha chumba cha mashine, juu ya paa, akamwonyesha mota na magurudumu na waya za chuma nene kama kidole gumba. Binti hakushuka tena, ukitaka ukweli. Mwili tu ndio ulioshuka, kwenda kumalizia vyoo.

Akafundishwa kazi na yule mzee, akamwita Mwalimu mpaka siku alipostaafu. Na somo la kwanza la Mwalimu lilikuwa hili: mtu ni kilo sabini na tano. "Basi. Usijue jina lake, usijue shida zake. Ukianza kujua shida zao, utapakia watu kumi na wanne kwenye lifti ya watu kumi, na hapo ndipo utazijua shida zenyewe."

Somo hilo lilimkaa. Akiwaona watu ukumbini, Fundi aliona uzito. Huyu mmoja, yule mmoja, yule mama mnene mmoja na nusu.

Kompyuta ilikuja baadaye. Mwaka walioondoa zile swichi za sumaku na kuweka paneli ya kisasa, waliotengeneza lifti walimtuma mtaalamu akakaa wiki tatu. Fundi alimkalia ubavuni kama kupe. Hiki ni nini, na hiki, na ukifuta hapa inakuwaje? Yule bwana alipoondoka alimwachia kitabu kikubwa cha programu, jalada limechafuka kwa grisi, na ofisi ya ghorofa ya tatu ikamwachia kompyuta iliyotupwa kwa sababu kitufe cha herufi A kilikuwa kimeng'oka. Sasa wewe jaribu kuandika chochote katika lugha hii bila A. Fundi alikibonyeza kile kipira kilichobaki kwa njiti ya kiberiti, mkono mmoja njiti, mkono mmoja maneno mengine, miaka minne. Alijifunza mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwenye meza ya kulia.

Wa kumcheka alikuwa karibu. Tangu mume wake afariki, Fundi aliishi na wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, msusi, mwenye mdomo mkali kuliko kitana chake. Walikuwa wameshindana kutaniana miaka mingi, kiasi kwamba siku moja asipotaniwa Fundi alidhani wifi yake anaumwa.

Jioni moja Fundi akamsogezea kompyuta. "Cheza."

Wifi akavaa miwani. Juu ya kioo palikuwa na rangi ya karatasi, mistari kumi na minne imelala mmoja juu ya mwingine, visanduku vitatu vyeusi, na vidoti. Basi. Hakuna muziki, hakuna maandishi. Kila kidoti kilikuwa na kimkia kinachoonyesha kinataka kwenda juu au chini, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuviambia visanduku viende wapi.

"Wifi, hii ni gemu au ni karatasi ya mtihani wa darasa la tatu?"

"Cheza kwanza."

"Wanaopigana wako wapi? Gari? Hata kaua? Ulishindwa kuwawekea hata kaua kamoja pale mlangoni?"

"Wifi, cheza."

Akacheza. Dakika tano, kumi, ishirini. Chai yake ikapoa. Kisha akaiondoa miwani. "Hawa watu wako hawakasiriki?"

"Wakasirike kwa nini?"

"Huyu wa ghorofa ya tisa nimemsahau tangu nianze. Yupo tu, kimya. Wewe umemwona wapi mtu anayengoja lifti nusu saa bila kutukana mama ya mtu? Hujachora watu wewe. Umechora magunia."

Fundi akaivuta kompyuta, akamtazama yule wa tisa. Alikuwa ametengeneza gemu nzima ambayo ndani yake hakuna anayechoka. Vidoti vyake vilikuwa na uzito tu, kilo sabini na tano kila kimoja. Fundi wa lifti peke yake ndiye angeweza kukosea hivyo, na akakosea miezi saba mfululizo bila kujua.

Kuanzia siku ile alianza kusimama ukumbini. Wafanyakazi walidhani anachunguza milango. Alikuwa anachunguza wanaongoja. Aliona jinsi mtu anavyobonyeza kitufe ambacho tayari kinawaka, kana kwamba cha kwanza hakikusikia. Aliona wale wanaobonyeza vyote viwili, cha juu na cha chini, ili wapande yoyote itakayotangulia, na kumbe ndio wanaoifanya isimame mara mbili. Alimwona karani mmoja wa ghorofa ya tisa, mzee mwenye nyonga mbovu na mkongojo, anavyohesabu watu walio mbele yake, anavyoutazama mlango wa ngazi, anavyohesabu tena. Na aliona jinsi wote, bila kukosa, walivyoigeukia lifti ya tatu.

Gemu ikabadilika. Sasa kidoti kikingoja, rangi yake inaanza kukolea: kijivu chepesi, kijivu, kijivu kizito. Kikishakuwa cheusi kinaacha kukungoja. Kinaenda ukingoni mwa kioo na kuanza kupanda ngazi, polepole mno, na huwezi kukirudisha, unaweza kukitazama tu. Vikiwa vitano kwenye ngazi kwa pamoja, siku imekwisha, anza upya. Hakuna kinacholipuka. Hakuna sauti ya kukuzomea. Kuna saa ndogo pembeni iliyoanzia saa moja na nusu, na sauti moja tu, tik ya mlango, ambayo Fundi aliirekodi kwenye lifti ya kwanza siku ya mapumziko.

Na visanduku vikabaki viwili. Cha tatu kilikuwepo, kimechorwa kwa mstari mnene zaidi, kimekaa chini, mlango wazi. Ukikigusa hakisogei. Mara mojamoja inaingia pembetatu ndogo, inakwenda moja kwa moja mpaka mstari wa kumi na nne, kisha kisanduku kinarudi kungoja. Pembetatu zilikuwa tano. Vidoti vyote vinakolea, pembetatu hazikolei kamwe, kwa sababu hazijawahi kungoja.

Hakuweka neno hata moja la kueleza hayo. Aliiachia mtandaoni, bure, akaiita "Foleni."

Siku za kwanza walicheza watu tisa, na wanne kati yao walikuwa wateja wa wifi yake waliokaa kitini vichwa vikisukwa, hawana pa kukimbilia. Kisha ikaanza kuonekana ukumbini. Mtu anangoja lifti huku anacheza gemu ya kungoja lifti! Ukiwasikiliza ungedhani ni watu wa zamu wa bandarini. "Usilete kisanduku chini bado, kiache cha nane!" "Nimefika saa nne na dakika kumi." "Saa nne? Mimi sijawahi kuvuka saa tatu na nusu, yule wa ghorofa ya tisa ananiua." Asiyekubali kushindwa si mshindani, na pale chini walikuwa wanashindwa kila asubuhi, wanacheka, wanaanza tena. Ajabu ni kwamba matusi yalipungua. Walikuwa wameshika lifti mikononi mwao, wakaona si rahisi. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akawa anapanda ngazi kwa hiari yake. "Mimi nikipanda lifti kwa ghorofa moja, namkolezea mtu mwingine rangi," alisema.

Barua zikaanza kuja pia, za watu Fundi asiowajua. Muuguzi wa mbali alimwandikia: "Kwetu hospitalini tuna lifti nne na mbili ni za wakubwa. Uliijuaje hospitali yetu?" Mwingine, dereva, hakuwa hata na lifti kazini. "Kwetu ni geti la magari ya wakubwa," aliandika. Na wote waliuliza swali lilelile, kile kisanduku cha tatu kinafunguka lini?

Fundi alizisoma zote, akakiacha kisanduku kama kilivyo.

Meneja wa jengo akamwita Jumatatu. Ofisi yake ilikuwa huko huko ghorofa ya kumi na nne, zulia jekundu, dirisha kubwa.

"Karibu, Fundi. Kaa."

"Nina mafuta kwenye nguo, bosi. Nitasimama."

Meneja akageuza simu yake akaionyesha. "Hii ni nini?"

"Gemu."

"Najua ni gemu. Binti yangu anaicheza. Jana mezani, mbele ya wageni, ameniuliza, 'Baba, wewe ni pembetatu?'"

Fundi aling'ata shavu kwa ndani. "Ukamjibuje?"

"Sikukuita uje uniulize maswali." Lakini akalegea kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea. "Nisikilize. Nimeipenda, sikudanganyi. Nimefika mpaka saa sita."

"Saa sita? Si haba, bosi."

"Mkurugenzi pia ameiona. Mwezi ujao jengo linatimiza miaka thelathini. Tunataka tuiweke kwenye televisheni pale chini, rangi zetu, nembo yetu, muziki kidogo, na jina lako liandikwe. Ila hicho kisanduku cha tatu kifanye kazi. Tuseme mchezaji akifika saa nne, kinafunguka. Kila mtu anafurahi. Ni mstari mmoja tu wa programu, wewe mwenyewe unajua."

"Ni mstari mmoja kweli."

"Basi."

"Na lifti yenyewe ni nusu mzunguko wa ufunguo. Niruhusu nizungushe hiyo mchana huu, bosi, na mstari nitaubadilisha jioni."

Meneja akaweka simu chini. "Usinichanganyie mambo. Lifti ni utaratibu. Hiyo ni gemu, mchezo."

"Sasa kama ni mchezo, mbona inakuuma?"

Akajuta? Hata. Neno lilikwisha kutoka na lilimkaa vizuri kinywani. Meneja akasimama, uso umebadilika. "Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ama iwe imerekebishwa, ama uniletee funguo zangu pale chini. Kuna kampuni iko tayari kutuletea mtu Jumatatu."

Jioni wifi yake alisikiliza yote huku akichambua kitana. Hakutania, na hilo peke yake lilimtisha Fundi.

"Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Minane."

"Na kwa magoti hayo, nani atakuchukua umpandie mapaa?"

"Hakuna."

"Basi mpe. Wifi yangu, kidoti ni kidoti. Mimi nimesuka mitindo niliyoichukia miaka ishirini. Kuna mmoja hutaka nimwekee kichuguu hapa utosini. Namwekea. Sijafa."

Maneno ya mtu mzima. Fundi akakaa mezani, akachukua njiti yake, akautafuta ule mstari, akaubadilisha. Haikumchukua dakika mbili. Kisha akacheza.

Saa nne kisanduku cha tatu kikafunguka. Foleni ikayeyuka kama barafu. Saa tano, hakuna kidoti kilichokolea. Saa saba, aliondoa mkono akaviacha vijiendee vyenyewe. Saa kumi na moja jioni siku ikaisha, mistari yote mitupu, misafi. Hakuwa amefikiri chochote tangu saa nne. Ule uamuzi mdogo wa kila mara uliokuwa ukimkaza kifua, nimchukue huyu wa tatu au nimkimbilie yule wa tisa, haukuwepo tena. Hakukuwa na cha kuamua.

Wifi akavuta kompyuta. Naye akacheza mpaka mwisho, yeye ambaye hakuwahi kuvuka saa tatu.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda."

"Mbona sisikii kitu?"

Fundi akaiokota njiti yake mezani.

"Rudisha," wifi akasema.

"Sasa hivi ulisema nimpe."

"Sasa hivi nilikuwa sijaiona. Yule wa kichuguu anajua ni kichuguu, hajawahi kuniambia ni nywele zake. Hii inanidanganya. Inaniambia ukivumilia mpaka saa nne watakufungulia. Nani alifunguliwa kwa kuvumilia? Rudisha, bwana! Kazi tutajua mbele. Nikikosa wateja tutauza hiyo njiti yako."

Akarudisha. Hakumpigia mtu simu wala kuomba ushauri wa pili. Usingizi wa usiku ule ulikuwa mzuri, jambo lililomshangaza.

Alhamisi alipanda chumba cha mashine kujiandaa. Fundi wa lifti hatupi funguo mezani akaondoka kama mpangaji aliyegombana na mwenye nyumba. Kuna kukabidhi. Kuna karatasi, na karatasi inasema kwamba kila kazi iliyofunguliwa kwenye daftari la lifti lazima ifungwe kwanza, lifti zote ziachwe katika hali ya kawaida, anayekabidhi aandike, anayepokea asaini. Basi akalitoa daftari na yale yaliyotangulia, akaanza kukagua nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kazi gani iko wazi. Zote zilikuwa na alama ya kufungwa. Daftari la mwaka wa kumi na moja nyuma, akasimama.

Mwandiko wa Mwalimu, ule wa kulala kushoto: *Lifti ya 3 imewekwa maalumu. Wageni. Wiki moja.* Mbele yake, pale pa alama ya kufunga, palikuwa peupe.

Akakumbuka. Kulikuwa na wageni kweli, na suti. Amri ilikuja kwa mdomo, ngazini, mtu anapita. Mwalimu akaandika. Na mkono uliozungusha ufunguo siku ile ulikuwa wake, Fundi. Wageni walikaa siku nne wakaondoka. Hakuna aliyesema rudisha, hakuna aliyeuliza, na wiki moja ikaota mizizi. Miaka kumi na moja alikuwa amefunga kazi za taa na milango na vitufe, akajisifu kuwa haachi kazi wazi, na kubwa kuliko zote ilikuwa wazi muda wote, kwa mkono wake mwenyewe.

Alitafuta kwenye mafaili barua ya kuiruhusu. Alitafuta mpaka saa tisa. Haikuwepo, kwa sababu haikuwahi kuandikwa.

Ijumaa saa mbili kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Meneja alikuwa amesimama kando ya lifti ya tatu, tai imenyooka. Fundi akaja na daftari kwapani.

"Umerekebisha?"

"Sikurekebisha. Haijaharibika."

Watu wa foleni ya mbele wakageuka.

"Basi lete funguo."

"Naleta, bosi. Kwanza tufunge daftari, ndio utaratibu." Hilo neno utaratibu alilitamka taratibu sana. Akafungua ukurasa, akausoma kwa sauti ya mtu anayesomea kiziwi: tarehe, lifti ya tatu, maalumu, wageni, wiki moja.

"Wiki moja?" Yule karani wa mkongojo. "Wiki gani hiyo, ya nguo iliyo kwa fundi cherehani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Kazi hii nimeiacha wazi miaka kumi na moja," Fundi akasema. "Ni aibu yangu, nisamehewe. Naifunga leo." Akafungua kifuniko kidogo cha chuma ukutani, akatia ufunguo, nusu mzunguko. Taa nyekundu iliyoandikwa MAALUMU ikazimika, na mlango uliokuwa wazi ukajifunga. Akapiga alama pale palipokuwa peupe, akaweka tarehe. Kisha akamnyooshea meneja karatasi na kalamu, na funguo juu yake. "Saini hapa. Umepokea lifti tatu, zote katika hali ya kawaida."

Meneja akasogea karibu, akashusha sauti. "Fundi, irudishe ilivyokuwa, halafu nitasaini."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Sawa. Niandikie." Akamgeuzia daftari. "Hapa. Tarehe, jina lako, na sababu ya lifti kutobeba watu. Ya mdomo niliitii mara moja, sitaitii tena."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa meneja. Aliutazama ukurasa mweupe. Aliitazama karatasi ya kukabidhi. Akisaini hii, ameandika kwa mkono wake kwamba lifti ya tatu ni ya wote, na wenzake wanne wa juu watamuuliza. Akiandika kule, ameandika sababu ambayo hana, mbele ya watu themanini wenye simu. Asipoandika popote, funguo hazijapokelewa, na fundi wa jengo ni yuleyule. Wale watu wa foleni walikuwa wamecheza miezi mitatu. Walimwona mtu asiye na hatua iliyobaki, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Tutaongea Jumatatu," meneja akasema, akairudisha kalamu.

"Nitakuwepo. Funguo bado zangu." Akazifunga kiunoni.

Tik. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe, mlango wa tatu ukafunguka, na kwa muda hakuna aliyesogea. Miaka kumi na moja si mchezo, miguu ilikuwa imesahau. Ni yule karani aliyetangulia, mkongojo kwanza, akaingia akageuka akawatazama kama mtu aliye kwenye nyumba mpya.

"Fundi," akaita, "na kwenye gemu utakifungua lini?"

"Sikifungui."

"Hata leo?"

"Hapa ni jengo moja tu, mzee wangu. Kuna muuguzi ananiandikia, kwao bado. Na wewe hujavuka saa nne, unataka nikurahisishie?"

"Saa tano!" karani akapiga kelele. "Jana nilifika saa tano, kuna mashahidi!"

Wakaingia huku wakicheka, wanne, sita, wanane, tisa. Nafasi ya mmoja ikabaki. Meneja alikuwa na kikao saa mbili na nusu, na foleni ya zile nyingine ilikuwa imefika mlango wa barabarani. Akaingia. Wakambana katikati, kwa heshima, lakini wakambana.

Fundi akabaki chini akitazama namba juu ya mlango. Mbili, ikasimama. Nne, ikasimama. Tano. Sita, bila shaka mtu alikuwa amebonyeza vitufe vyote viwili, ikasimama na hakuingia mtu. Nane. Tisa, ikakaa muda mrefu, mkongojo ulikuwa unashuka na hauna haraka. Kila iliposimama alijua kwamba kuna mtu amesema samahani, na bosi amejibanza ukutani kumpisha. Kumi na moja. Kumi na mbili. Ilipogusa kumi na nne alitazama saa, dakika nne na sekunde arobaini, na akaliweka daftari juu ya goti, akauandika muda ule, wa kwanza ambao pembetatu imengoja.